Mto wa mpakani na viumbe wake: ubishe hodi Entebbe, Kisumu, Arusha au Kigali?

Karibu kila maji ya maana ya Uganda yana mwenyewe mwingine ng'ambo. Mito ya Sio, Malaba na Lwakhakha tunagawana na Kenya. Kagera inatoka Burundi na Rwanda, inazunguka Tanzania, ndipo inaingia ziwani karibu na mwalo wetu wa Kasensero. Semliki ni mpaka na Kongo kwa kipande kirefu. Nile tunaipokea Jinja na kuikabidhi kwa Sudan Kusini pale Nimule.

Kwa hiyo wavuvi wanapoona samaki aina ya ningu hawapandi tena mtoni wakati wa mvua, au wakulima wanapoona korongo wa bendera yetu hatagi tena kwenye kinamasi alikotagia tangu enzi za wazee, malalamiko hayaishii kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Wilaya itasema chanzo kiko ng'ambo. Ng'ambo watasema sisi ndio tumelima mpunga hadi ukingoni. Hapo ndipo mtu anashauriwa aandikie "ofisi ya kimataifa", na ofisi hizo ni nyingi, kila moja ina nembo yenye mawimbi ya buluu.

Nimezilinganisha kwa jicho la mtu wa mpakani anayetaka jibu. Nimetumia maswali matatu tu. Maji haya yanaishia wapi? Nchi ya ng'ambo imetia saini nini, na imeridhia? Na je, mwananchi anaruhusiwa kubisha mwenyewe, au mambo ni serikali kwa serikali? Ukubwa wa jina sikuupa alama yoyote, na mtaona kwa nini.

Entebbe: jina kubwa, mkono mfupi

Entebbe kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni NBI, ushirikiano wa nchi za Bonde la Nile uliozinduliwa Dar es Salaam Februari 1999, sekretarieti yake ikawekwa kwetu. Nchi kumi ni wanachama, Misri ikiwamo. Kazi yake ni kukusanya takwimu, kukutanisha mawaziri na kuandaa miradi. Cha pili ni Mkataba wa Mfumo wa Ushirikiano, ambao wengi wanauita Mkataba wa Entebbe kwa sababu ulifunguliwa kutiwa saini hapo Mei 2010. Huo ulikaa miaka 14 ukisubiri nchi sita ziuridhie, ukaanza kutumika 13 Oktoba 2024.

Kwa maandishi, huu ndio mkataba mzuri kuliko yote. Unazungumzia matumizi ya maji yaliyo ya haki, wajibu wa kutomdhuru jirani, na ulinzi wa mifumo ya ikolojia pamoja na viumbe na ardhioevu. Maji na wanyama wamekaa kwenye karatasi moja, jambo ambalo ni nadra. Ukiulinganisha na makubaliano ya 1959 kati ya Misri na Sudan, yaliyogawa mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan, tofauti ni ya usiku na mchana: kule sisi wa juu hatukutajiwa hata ndoo moja, achilia mbali korongo. Ndiyo maana Misri na Sudan zimeukataa mkataba mpya. Ugomvi wao mkubwa uko kwenye kifungu cha usalama wa maji, wanachotaka kilinde matumizi na haki zao za sasa.

Lakini hebu tazama majina ya nchi sita zilizouwezesha kuanza: Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Kenya ilitia saini 2010 lakini hayumo kwenye hao sita. Kongo hayumo. Maana yake ni kwamba mkulima wa Busia akiwa na kesi ya Mto Sio, au mvuvi wa Ntoroko akiwa na kesi ya Semliki, mkataba huu mzuri haukuwa na la kumwambia mwenzake wa ng'ambo siku ulipoanza. Na hata mahali ambapo nchi zote zimeridhia, migogoro ni ya dola kwa dola. Wewe hutajwi kama mlalamikaji.

Sasa, msiitupe Entebbe. Upande wa miradi ndiko inakofaa kweli. Ofisi ya NBI inayoshughulikia nchi za maziwa makuu, NELSAP iliyoko Kigali, ndiyo iliyokuwa ikiandaa bwawa la Angololo kwenye Mto Malaba, litakalohudumia Tororo kwetu na Busia ya Kenya. Bwawa likishajengwa, ugomvi wa maji ya kushuka chini huwa umekwisha kuamuliwa. Uliamuliwa kwenye tathmini ya mazingira, katika jedwali fulani linalosema kiasi gani cha maji kitaachiwa mto mwezi wa Januari na kiasi gani Aprili. Kikundi kinachotaka samaki wapite na kinamasi cha chini kisikauke kiombe jedwali hilo kabla ya tingatinga kufika. Kwa asasi ndogo isiyojulikana, njia ya kuingilia ni Nile Basin Discourse, mtandao wa asasi za kiraia wa nchi za bonde, ambao nao makao yake ni Entebbe.

Kisumu na Jinja: karibu na sisi, lakini angalia maji yanaelekea wapi

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki yake ilitiwa saini Novemba 2003. Ndani yake kuna wajibu wa kuarifu jirani kabla ya kuanza jambo linaloweza kumwathiri, kanuni ya anayechafua alipe, na ulinzi wa viumbe na ardhioevu. Kenya imo, Tanzania imo, sisi tumo. Rwanda na Burundi ziliingia baada ya kujiunga na Jumuiya. Kwa mtu wa Busia huyu ndiye jirani anayefikika kwa basi la asubuhi.

Kikwazo chake ni jiografia, na wengi hawakijui mpaka barua irudi. Itifaki ni ya Bonde la Ziwa Victoria. Mto Sio unaingia ziwani kati ya Majanji yetu na Sio Port ya Kenya, kwa hiyo umo. Mto Malaba, mwendo mfupi tu kaskazini, hauendi ziwani hata kidogo: unapokea Malakisi na Lwakhakha, unakuwa Mpologoma, unaishia Kyoga. Wilaya ileile, kabila lilelile pande zote mbili, mvua ileile, lakini mto mmoja uko chini ya itifaki na mwingine uko nje. Hata kwetu serikali imegawa hivyohivyo: Malaba iko kwenye kanda ya maji ya Kyoga, ofisi Mbale, na Sio iko kwenye kanda ya Victoria. Kabla ya kuandika neno lolote, uliza mto wako unaishia wapi.

Jinja kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa 1994. Kwa sangara na mukene (dagaa), hawa ndio wenyewe. Kwa viumbe walio hatarini nawapa alama za kati tu, na sababu ni ningu. Samaki huyu anaishi ziwani lakini hutaga mtoni. Mvua zikianza hupanda Sio, Nzoia, Kagera na mito mingineyo. Zamani alikuwa riziki kubwa ya watu wa mitoni. Nyavu zilizotandazwa midomoni mwa mito zilimvuna akiwa njiani na mayai tumboni, na leo amewekwa kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mateso ya ningu yako kwenye kilomita chache za mto, kwenye tope la mashamba na kwenye nyavu za mdomoni, wakati macho ya shirika yamekuwa ziwani kwenye samaki wa kuuza nje. Hata hivyo, kamati za mwalo, zile BMU, zipo pande zote za mpaka na zinatambulika. Kamati ya Majanji na ya Sio Port zikikubaliana kufunga mdomo wa mto kwa wiki za kupanda ningu, hakuna mkataba mkubwa utakaofanya zaidi ya hapo. Jinja inafaa kuwaita mezani.

Arusha: mlango unaofunguliwa na mwananchi

Hapa ndipo ninapoegemea, na nitakaa kidogo.

Mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki una sura nzima ya mazingira na maliasili, kuanzia kifungu cha 111. Na kifungu cha 30 kinamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha kupinga sheria, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama kinachovunja mkataba. Huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Huhitaji wizara ikusindikize. Masjala ndogo iko Kampala.

Kwamba hii si nadharia tu, kumbuka kesi ya barabara ya Serengeti. Shirika la kutetea wanyama lenye makao Kenya liliishtaki serikali ya Tanzania kwa mpango wa kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa hifadhi, kwenye njia ya nyumbu waendao Mara. Juni 2014 mahakama ilisema mpango huo, kama ulivyokuwa, ni kinyume na mkataba wa Jumuiya. Tazama kilichotokea: watu wa nchi moja wameidai nchi nyingine kwa ajili ya wanyama wanaovuka mpaka, na wamesikilizwa. Weka mto mahali pa barabara, na korongo mahali pa nyumbu, hoja inabaki imesimama.

Upande wa pili wa shilingi ni saa. Mkataba unatoa miezi miwili tu tangu kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Asasi nne zilipinga bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Tanga. Zilifungua kesi mwaka 2020, na Novemba 2023 mahakama ya hatua ya kwanza ikaitupa bila kuingia kwenye kiini, kwa sababu makubaliano yaliyolalamikiwa yalikuwa yamejulikana tangu 2017. Hoja za maji, wanyama na ardhi zikabaki ndani ya bahasha. Vikundi vyetu vina tabia ya kusubiri: kwanza kikao, kisha kikao cha kumngoja mheshimiwa, kisha barua, kisha kuulizia barua. Kwa Arusha, utaratibu huo ndio unaoua kesi. Wanasheria waanze kuandika huku vikao vikiendelea.

Kuna udhaifu mwingine. Mahakama inaweza kutamka kuwa serikali imekosea. Haiwezi kuja kufungua lango la bwawa. Hukumu inahitaji watu wa kuifuatilia nyumbani. Lakini mkononi mwa mwananchi wa Busia au Kyotera, sioni chombo kingine chenye meno ambacho hakimtaki awe waziri.

Kigali, na mikataba ya ndege

Kigali kuna ushirikiano wa Virunga Kuu, unaotuunganisha na Rwanda na Kongo, ambao nchi tatu zilitia saini mkataba wake 2015. Ulianza kwa sokwe wa milimani, na hao ndio ushahidi kwamba nchi zinazogombana zinaweza kulinda mnyama mmoja: sensa za mwisho zilihesabu 604 Virunga na 459 Bwindi, na mwaka 2018 wakashushwa daraja moja la hatari. Askari wa hifadhi wa nchi tatu walizoea kushirikiana hata wanasiasa walipokuwa hawasalimiani. Kwa maji, lakini, usitegemee mengi. Si kazi yao.

Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, na mkataba wa ndege wa majini wahamao nimeviweka pamoja, kwa sababu vina tabia moja: vinamjua ndege vizuri na havina amri juu ya maji. Korongo wetu mwenye taji yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2012, na 2015 ulipitishwa mpango wa kimataifa wa kumnusuru chini ya mkataba wa ndege. Kenya na Tanzania nao ni wanachama. Uganda ina maeneo 12 ya Ramsar, mojawapo likiwa ardhioevu ya Sango Bay, visiwa vya Musambwa na Kagera, inayopakana na msitu wa Minziro wa Tanzania. Mikataba hii itumie kama ushahidi ndani ya barua unayopeleka kwingine. Barua inayosema "maji yamepungua" inajibiwa kwa takwimu za mvua. Barua inayosema "maji yamepungua katika eneo ambalo nchi zetu mbili zimeahidi kumlinda ndege huyu" inamlazimu afisa kufungua faili.

Wenzetu wa Mto Platte walianzia kwa ndege

Marekani kuna mto unaoitwa Platte, unaogawanywa na majimbo ya Colorado, Wyoming na Nebraska. Maji yalivutwa kwa mashamba na miji hadi mto ukanyauka. Kilichowakalisha pamoja ni sheria yao ya 1973 ya viumbe walio hatarini: korongo mweupe wa kwao, ndege wawili wadogo wanaotaga mchangani na samaki mmoja wa mtoni. Mradi wa maji wenye mkono wa serikali kuu haungepata kibali bila kujibu swali la viumbe hao. Basi mwaka 1997 majimbo yakaafikiana, na programu yenyewe ikaanza 2007: kurudisha mtoni maji ya futi-ekari 130,000 hadi 150,000 kwa mwaka, kama mita za ujazo milioni 160 hadi 185, na kutenga ekari 10,000 za makazi. Wakulima wa umwagiliaji na watu wa mazingira wote wana viti kwenye kamati. Mkulima anapata uhakika wa kuendelea kuvuta maji, korongo anapata mto.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume: maji ndiyo yaliyowaita wakubwa, mnyama akaongezwa kwenye aya ya mwisho. Sheria yetu ya Wanyamapori ya 2019 inamkamata anayeua korongo, lakini anayekausha kiota chake kwa pampu anashughulikiwa na ofisi nyingine kwa sheria nyingine. Hilo halisubiri mkataba mpya wa kimataifa. Wabunge wa Kampala wanaweza kulifanya: kibali cha kuvuta maji kwenye mto wa mpakani kisitolewe bila kuonyesha kiasi kinachobakizwa kwa viumbe walioorodheshwa.

Mto kwa mto, ningechagua hivi

Mto Sio: Kisumu kwanza, kwa kifungu cha kuarifiana, huku tarehe ya miezi miwili ya Arusha ikiwa imeandikwa ukutani. Kinamasi cha Sio-Siteko kiko pande zote mbili, kina korongo na nzohe (swala wa kinamasi), na wanajamii wa pande zote waliwahi kuandaliwa mpango wa pamoja wa kukitunza kupitia NBI. Ufufueni mpango huo badala ya kuanza upya. Afisa hupenda kitu ambacho ofisi yake ilishawahi kukipokea.

Malaba: Kisumu iacheni. Kwa bwawa la Angololo, nendeni NELSAP mapema. Mkikataliwa, mkataba wa Jumuiya wenyewe bado unafika Malaba hata kama itifaki ya ziwa haifiki, kwa hiyo Arusha iko wazi.

Kagera ndiyo mto uliobahatika. Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda zote zimo kwenye Mkataba wa Entebbe, zote zimo kwenye Jumuiya, na maji yanaishia Ziwa Victoria. Watu wa Kyotera na Rakai wana njia zote tatu, na kwenye mdomo wa mto kuna eneo la Ramsar. Kama kuna mahali pa kuijaribu Entebbe ili tuone ina uzito gani, ni hapa, na magugu maji yanayoshuka na Kagera hadi ziwani yangekuwa kesi nzuri ya kuanzia. Shirika la zamani la Bonde la Kagera lilikufa 2004. Pengo lake bado halijazibwa ipasavyo.

Nile ya chini, kutoka Pakwach hadi Nimule: Sudan Kusini imo kwenye Jumuiya tangu 2016 na iliridhia Mkataba wa Entebbe 2024. Kwa karatasi, hali ni nzuri. Kwa vitendo, tembo wanaovuka Nimule wanategemea zaidi usalama kuliko kifungu chochote.

Semliki ndiyo ngumu. Mto wenyewe unahama, unakula ukingo, na mpaka unabishaniwa nao. Kongo hakuwa miongoni mwa nchi sita za Entebbe, na Semliki haiendi Ziwa Victoria, hivyo Kisumu hapana. Kuna makubaliano ya uvuvi wa maziwa Edward na Albert kati yetu na Kongo, ya 2018, mwaka uleule ambao wanajeshi wa nchi hizi walirushiana risasi Ziwa Edward. Viboko wa Virunga walikuwa karibu 30,000 miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa chini ya 1,000, na mbolea yao ndiyo iliyokuwa ikilisha samaki wa ziwa hilo. Kwa wavuvi wa Katwe na Rwenshama, basi, kiboko na samaki ni kesi moja, na Kigali ndiko mahali panapoelewa hivyo. Jipya ni kwamba Kongo imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Julai 2022. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Kasese au Ntoroko anaweza kuipeleka serikali ya ng'ambo mbele ya majaji wa Arusha, na mkazi wa Beni vilevile anaweza kuipeleka ya kwetu. Mwanasheria atakayechukua kesi hiyo ajiandae kwa Kifaransa.